Kipimo ni kidole cha mgonjwa

Mwaka wangu wa pili wa masomo Nanjing, China, nilishindwa kuipata Zusanli. Ni pointi iliyo chini ya goti, na mwanafunzi wa akupancha, tiba ya sindano ya Kichina, huijua kabla ya nyingi nyingine. Nilipanga vidole vyangu vinne chini ya goti la mzee mmoja, nikachoma. Mwalimu akamuuliza anasikia nini. Hakusikia kitu. Mwalimu akaushika mkono wa yule mzee, akavilaza vidole vya mzee mwenyewe palepale. Yule mzee alikuwa mtu mrefu, mwenye viganja vipana. Sindano yangu ilikaa juu mno, karibu upana wa kidole kizima.

Kipimo chetu huitwa cun. Upana wa kidole gumba cha mgonjwa ni cun moja, vidole vinne vikiungana ni tatu. Na asiye na vidole, viungo vyake hugawanywa: kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono ni cun 12, uwe mkono wa mtoto au wa pande la mtu.

Mwaka huohuo nikasoma maneno ya Sun Simiao, tabibu wa karne ya 7. Aliwataka matabibu wasiulize kama mgonjwa ni tajiri au masikini, Mchina au mgeni; wote wawe kwao kama ndugu wa damu. Mimi ndiye niliyekuwa mgeni darasani, msichana wa Unguja. Nilinakili ukurasa ule kwa mkono.

Nikarudi nyumbani, nikaajiriwa kliniki moja ya Dar es Salaam. Kila mgonjwa avue, avae gauni, alale kitandani. Siku moja alikuja bi mkubwa mmoja na buibui lake, kiuno kimemkamata. Alipoambiwa avue, akachukua mkoba wake akaondoka, nami nikanyamaza. Hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu nilikuwa nimeshafundishwa Weizhong: pointi ya nyuma ya goti, dawa ya kiuno tangu zamani. Ningepandisha buibui hadi gotini tu.

Sasa nina chumba changu mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, chenye viti vitano na kitanda kimoja. Wengi hukaa na nguo zao, kwa sababu pointi zenye nguvu sana ziko chini ya kiwiko na chini ya goti. Bei tunapatana. Ramadhani nafungua baada ya tarawehe, kwa wenye wasiwasi na sindano mchana. Kijana mmoja kiziwi tulikubaliana ishara: ngumi ikiwa anasikia uzito, kiganja wazi ikiwa panauma. Bila jibu lake siwezi kujua kama sindano imefika.

Vikombe vya kioo, vile vya kubandika mgongoni, havinipi kazi ya kuvieleza. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiumikwa kwa pembe ya ng'ombe. Mwumishi anafyonza hewa kwa mdomo, kisha anaziba kwa nta. Wazee wakiviona husema tu, "Kumbe chuku hizi, mwanangu," na kugeuza mgongo.

Mwezi uliopita aliletwa dereva wa bodaboda aliyekatwa mguu wa kushoto. Unyayo usiokuwepo ulikuwa ukimchoma kama moto, hapati usingizi. Aliona haya kuniambia, akidhani nitamwona mwendawazimu. Suwen, kitabu cha kale cha tiba ya Kichina, kina sura nzima juu ya kuchoma kulia kwa ugonjwa wa kushoto. Nikamweleza hivyo, kwamba watu wameliwaza jambo hili kwa karibu miaka 2,000, akatulia. Nikamwomba mkono wake. Akavilaza vidole vinne chini ya goti la kulia, mwenyewe, nami nikachoma pale vilipoishia.

"Mzito," akasema. "Unavuta hadi chini."

Usiku ule alilala. Baada ya siku tatu maumivu yakarudi, madogo kidogo. Anakuja kila Jumanne, na siku hizi huviweka vidole kabla sijamwomba.