Siku moja maishani mwangu: seva ya majaribio ndani ya laptop

Saa 2:30 asubuhi. Nafungua laptop kabla joto la Dar halijakolea. Jana jioni seva ya majaribio, ile inayokagua kila msimbo tunaoutuma, iliikataa kazi ya mwenzangu aliye Mwanza. Jaribio moja la ripoti ya mapato ya tiketi za mabasi limefeli. Ameniandikia: "Dada, mbona kwangu yote yanapita?" Namwamini. Ndiyo maana sitaki abadilishe mstari, atume, asubiri, kisha akisie tena. Nataka kosa la seva lijirudie hapa hapa kwenye laptop yangu.

Saa 3. Hatua zetu zote, kuanzia kusakinisha maktaba za msimbo hadi majaribio yenyewe, zimo kwenye skripti moja, yaani faili la amri zinazofuatana. Faili la GitHub Actions, huduma inayoendesha seva yetu ya majaribio, kazi yake ni kuiita skripti hiyo ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa, yenye mfumo na programu zake), basi. Imeji, yaani kifurushi ambacho kontena huundwa kutokana nacho, hatuiiti "latest", maana leo ni hii kesho ni nyingine. Tunaishika kwa alama yake ya sha256, ambayo hubadilika imeji ikibadilika hata kidogo. Kuirudia seva hapa mezani ni amri moja ($IMEJI ni jina la imeji pamoja na alama hiyo):

docker run --rm -it --platform linux/amd64 -e CI=true -v "$PWD":/kazi -w /kazi "$IMEJI" ./majaribio.sh

Hiyo amd64, aina ya chipu ya seva, ni kwa sababu laptop yangu ina chipu ya Apple, ya aina tofauti. Inakwenda polepole, lakini inakwenda kama seva.

Saa 4. Jaribio limefeli hapa pia! Furaha niliyo nayo anaijua aliyewahi kuwinda hitilafu asiyoiona. Jaribio linauza tiketi ya basi la usiku saa 7:30 usiku, Machi 1, 2024, na ripoti inaiweka Februari. Naandika amri ya date ndani ya kontena, nione saa yake: UTC, saa ya kimataifa. Sisi tuko mbele kwa saa 3, kwa hiyo kule bado ni saa 4:30 usiku, Februari 29. Laptop zetu zote zinafuata saa za Afrika Mashariki, ndiyo maana hakuna aliyeliona.

Saa 5. Najaribu kuiambia kontena ifuate saa za Dar: TZ=Africa/Dar_es_Salaam. Bado linafeli, kwani imeji ya msingi ya Ubuntu tunayoitumia haina tzdata, jedwali la saa za dunia, na mfumo usipopata jedwali la saa unarudi UTC kimyakimya, bila onyo. Hata lingepita nisingeridhika. Mapato ya mwezi hayawezi kutegemea saa ya mashine iliyoyahesabu.

Saa 8 mchana, baada ya chakula. Kwa simu na mwenzangu tunarekebisha hesabu itaje ukanda wa saa waziwazi, tunaongeza tzdata kwenye Dockerfile (faili la maelekezo ya kujenga imeji), tunabadilisha alama ya sha256. Skripti sasa inaendesha majaribio ya tarehe mara mbili: kwa UTC na kwa saa za Dar.

Saa 10. Seva imekubali. Hatua ya kupeleka programu kwa wateja hatuirudii kwenye laptop kamwe. Funguo zake za siri zinabaki kule kule kwenye seva. Naandika amri ile ya docker juu kabisa ya README, faili la maelezo ya mradi, kwa ajili ya kijana anayeanza kazi Jumatatu.