Glavu, Roboti na Bakuli la Vifungo

Miezi mitatu baada ya kiharusi kunipooza mkono wa kulia, mtaalamu wa mazoezi tiba aliniwekea mezani bakuli la vifungo vya shati, akanitaka nivihamishe kimoja kimoja hadi kikombeni. Kidole gumba kiliufikia ukingo wa kifungo, kikatetemeka, kikateleza kabla ya kidole cha shahada kuwahi, na papo hapo mkono wa kushoto ukajitokeza wenyewe kuimalizia kazi. Siku iliyofuata aliuvisha huo wa kushoto glavu nene isiyotenganisha vidole.

Asili ya glavu hiyo ni utafiti wa Edward Taub wa Marekani, aliyeona kwamba nyani aliyekatwa neva za hisia za mkono mmoja huacha kuutumia hata pale unapokuwa na uwezo, kwa kuwa kila alipojaribu alishindwa, akajifunza kutojaribu. Mkono mzima ukifungwa, ule dhaifu hurudi kazini. (Namna nyani hao walivyotunzwa ilizua kesi mwaka 1981, nami hadi leo naipokea faida hiyo kwa moyo mzito.) Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watu 222 waliokuwa wamepata kiharusi miezi 3 hadi 9 kabla: wiki mbili za glavu na mazoezi mazito ziliwapa nafuu kuliko huduma ya kawaida, na nafuu hiyo ilikuwapo hata baada ya mwaka. Hata hivyo, wote walikuwa tayari wanaweza kuinua kidogo kifundo cha mkono na vidole. Mkono uliolala kabisa haukuhusika.

Ndugu zangu walitaka nitafutiwe roboti. Ipo, kwa mfano MIT-Manus, ambayo huushika mkono na kuuongoza kufuata alama kwenye skrini, mamia ya miondoko kwa kipindi kimoja. Lakini jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2019, lenye washiriki 770, lilionyesha kwamba waliofanya mazoezi kwa roboti walipata nafuu kidogo katika miondoko yenyewe, ila katika kazi halisi za mkono hawakuwazidi waliopata huduma ya kawaida. Sishangai sana, kwa sababu kufuata alama si sawa na kubana kifungo kinachoteleza.

Kinachonisumbua zaidi ni hesabu. Watafiti waliochunguza vipindi vya mazoezi Marekani na Kanada walikuta, katika ripoti yao ya mwaka 2009, kwamba mgonjwa alirudia tendo lenye kusudi la mkono kwa wastani wa mara 32 tu kwa kipindi, ilhali katika majaribio ya wanyama ubongo ulibadilika baada ya marudio ya mamia kila siku. Nilipohesabu ya kwangu, nilipata 27.

Tangu hapo nahesabu nyumbani. Jana nilihamisha vifungo 210, viwili vikaanguka, na mkono wa kushoto nilikuwa nimeukalia.