Nilivyompata mtaalamu wa kugawanya gharama za nyumba yetu ya kupangisha

Barua ilifika Januari 2025, karatasi nzito inayong'aa, na juu yake herufi kubwa: unaweza kuokoa dola 24,000 za kodi mwaka huu. Walioituma walikuwa wanaijua anwani ya nyumba yetu ya familia nne hapa Columbus, Ohio, wanajua tuliinunua Juni 2022, na wanajua bei, dola 360,000. Hayo yote yako wazi kwenye rekodi za kaunti, ila siku ile sikulifikiria hilo. Nilikuwa nimetoka safari ya lori ya siku nne. Niliisoma nimesimama mlangoni, viatu sijavua, moyo ukinienda mbio.

Nieleze kwanza jambo lenyewe. Kwa kuwa Kiswahili chetu kinaita kodi anacholipa mpangaji na pia ile inayokwenda serikalini, hapa cha mpangaji nitakiita pango. Marekani mwenye nyumba ya kupangisha anaruhusiwa kutoa kwenye pato la pango uchakavu wa jengo, ukigawanywa kwa miaka 27.5. Ardhi haichakai, kwa hiyo haimo. Kwetu sisi ardhi ilikadiriwa dola 60,000, jengo likabaki 300,000, na uchakavu wake ni kama dola 10,900 kwa mwaka.

Lakini ndani ya bei ile ya jengo mmechanganyika vitu ambavyo sheria inavipa umri mfupi zaidi. Zulia, majiko, friji na mapazia ya dirishani ni miaka 5. Uzio, njia ya magari na miti iliyopandwa uani ni miaka 15. Kuvitenga na kuvipa bei kimoja kimoja ndiyo kazi inayoitwa kosti segregesheni. Faida yake iko kwenye bonasi: kwa nyumba iliyoanza kupangishwa 2022, vitu hivyo vya umri mfupi vinatolewa vyote kwa mkupuo. Mwaka 2023 bonasi ilishuka hadi asilimia 80, mwaka 2024 asilimia 60, kisha sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 ikairudisha kwenye 100 kwa mali iliyopatikana baada ya Januari 19 mwaka huo. Aliyepitwa na mwaka wake, kama sisi, anadai kwa Fomu 3115, ile ya kuomba kubadilisha namna ya kuhesabu, bila kuzigusa ritani za nyuma, yaani fomu za kodi za miaka iliyopita.

Niliwapigia simu wale wa barua. Kijana aliyepokea alikuwa mchangamfu sana. Bei yao dola 450, kazi inafanyika kwa kompyuta, hakuna mtu wa kuja nyumbani, ripoti siku tatu. Nilikuwa karibu kutaja namba ya kadi. Mke wangu, aliyekuwa anasikiliza pembeni na sare zake za hospitali, akanishika mkono. "Baba, mwulize kwanza dada."

Dada ni mhasibu wetu, Mkenya, anatujazia ritani tangu tufike hapa. Nilimpelekea barua pamoja na ripoti ya mfano waliyonitumia. Aliifungua, akashuka kurasa chache, akaweka kidole. "Kaka, hebu soma hapa." Mtambo wa kupasha nyumba nzima joto ulikuwa umeandikwa kwenye miaka 5. "Huu ni sehemu ya jengo. Miaka 27.5. Mkaguzi wa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, hatauliza hata swali la pili."

Kisha akanionyesha walivyozipata zile dola 24,000. Walikisia vitu vya umri mfupi kuwa kama dola 65,000, wakazidisha kwa asilimia 37. Hicho ni kiwango cha juu kabisa cha kodi, cha watu wenye mapato makubwa mno. Mshahara wangu na wa mke wangu kwa pamoja ni dola 140,000, na dola zetu za mwisho zinatozwa asilimia 22.

Na hata hiyo 22 haikuwa mwisho wa habari. Hasara ya nyumba iliyo kwenye karatasi tu, yaani uchakavu ukizidi faida ya pango, hairuhusiwi kula mshahara kiholela. Mwenye nyumba anayeisimamia mwenyewe anaweza kutoa hadi dola 25,000 kwenye mapato mengine, ila mapato yake yakipita 100,000 kiasi hicho kinapungua nusu dola kwa kila dola, na kwenye 150,000 kinakwisha. Kwetu kilikuwa kimebaki dola 5,000. Hasara nyingine yote inawekwa, inasubiri pango la miaka inayofuata au siku ya kuuza.

Nilimrudia yule kijana nikamuuliza kuhusu hilo. Jibu lake ndilo lililonikasirisha kuliko yote. Alisema kikomo hicho hakimhusu mtu ambaye kazi yake ni nyumba, basi mke wangu anunue daftari aanze kuandika saa mpaka zifike 750. Mke wangu ni muuguzi wa zamu kamili. Sheria inataka saa hizo 750 na pia zizidi nusu ya muda wote anaofanya kazi. Alikuwa ananiambia niandike uongo na kuusaini kwa jina langu, na mkaguzi akija yeye hayupo. Nilikata simu.

Baada ya hapo nilibadilisha namna ya kutafuta. Nikiwa njiani, usiku kwenye vituo vya malori, nilisoma mwongozo ambao IRS wenyewe wameuandika kwa wakaguzi wao kuhusu kazi hii. Uko wazi kwa kila mtu, bure. Unataja mambo 13 ya ripoti nzuri, na unawatahadharisha wakaguzi na malipo ya asilimia ya akiba, kwa sababu mlipwaji anapata tamaa ya kukuza namba. Kampuni ya pili niliyoipigia ilitaka asilimia 20 ya akiba. Hiyo niliiacha kwa heshima.

Wa tatu alikuwa mhandisi mtu mzima, mwanachama wa chama chao cha wataalamu wa kazi hii. Kabla ya bei aliniuliza mapato yetu, nani anasimamia nyumba, na tunakusudia kukaa nayo miaka mingapi. La mwisho lilinishangaza. Akaeleza: ukiuza, IRS inarudi kudai sehemu ya ulichotoa, na kwa vitu vya umri mfupi inadai kwa kiwango cha mshahara wako, wakati uchakavu wa kawaida wa jengo hauzidi asilimia 25. Anayeuza baada ya miaka miwili anaweza kuwa amejikopesha tu. Nikamwambia tutakaa nayo mpaka watoto wamalize chuo. Ndipo akasema, bila kuzunguka, kwamba mwaka wa kwanza ada yake ya dola 3,000 inaweza kumeza karibu akiba yote, na nafuu yetu itakuja miaka inayofuata. Nikajua nimempata.

Nilimuuliza mawili zaidi: nani anasaini ripoti, na IRS wakiuliza nani anasimama. Yeye mwenyewe, kwa yote mawili, na akaliandika kwenye mkataba.

Alikuja Februari, theluji bado iko uani, na alikaa saa tatu. Aliingia kwa wapangaji wote wanne. Nilikuwa nimewaarifu mapema na mke wangu akawapelekea maandazi kwa usumbufu. Jikoni alivuta jiko mbele, akapiga magoti na tochi, akapiga picha soketi kubwa ya nyuma. Soketi inayohudumia jiko peke yake inakwenda na jiko, miaka 5. Za ukutani ni za jengo. Sebuleni aliinua ukingo wa sakafu ya vinili kwa ukucha. Mbao zake zimebanana zenyewe kwa zenyewe, hazina gundi, kwa hiyo zinang'oka: miaka 5. Vigae vya bafuni vimejengewa, akavipita. Nilisimama pale nikifikiria ile kompyuta ya dola 450 ingeyaonaje hayo.

Ripoti ilikuwa kurasa themanini na kitu. Dola 39,000 za miaka 5, dola 30,000 za miaka 15, na 231,000 zikabaki za jengo. Nilizijumlisha mwenyewe kwa kalamu, zikarudi 300,000 kamili. Dada akatoa uchakavu tuliokwisha kudai kwenye zile 69,000, ikabaki kama 65,100 ya kudai mara moja. Humo, dola 11,500 zililifuta faida yetu yote ya pango ya mwaka 2024, na 5,000 zikaingia kwenye mshahara. Bila ripoti faida hiyo ingekuwa kama 9,000, maana zile 69,000 zingekuwa bado zinachakaa polepole pamoja na jengo, kwa hiyo tulichookoa ni asilimia 22 ya 14,000: kodi ya shirikisho ikapungua kama dola 3,080, kiasi cha kurudisha ada ya mhandisi na kubaki na themanini. Dola 48,600 zilizobaki zimeandikwa kwenye Fomu 8582, ile ya hasara zinazosubiri, na pango la miaka kama mitatu ijayo litapita chini ya kivuli chake. Hesabu ya kodi ya jimbo Dada aliifanya kando, kwa sababu Ohio haiifuati bonasi hiyo kikamilifu.

Ritani iliondoka wiki ya kwanza ya Aprili na Fomu 3115 ndani. Nakala ya pili ya fomu hiyo inatakiwa iende Ogden, Utah, na hiyo niliipeleka posta mwenyewe, barua ya kusainiwa. Stakabadhi yake nimeibana kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti, juu ya picha ya soketi ya jiko.