Zimwi la Saa Sita na Dakika Saba

Kikundi chetu cha usomaji hapa Kisumu kimemaliza A Monster Calls, riwaya ya Patrick Ness yenye michoro ya Jim Kay, na tangu tuanze kukutana nyumbani kwangu Migosi sijapata kusikia watu wanane wakibishana namna ile juu ya kitabu ambacho wenye maduka hukipanga kwenye rafu ya watoto. Nakala zilikuwa mbili tu, tukapokezana kwa majuma sita, na yangu imerudi na duara la kikombe cha chai kwenye jalada.

Kisa ni cha Conor, mvulana wa miaka 13 huko Uingereza, ambaye mama yake anaugua saratani. Usiku, saa sita na dakika saba, mti mkubwa wa makaburini hugeuka kuwa zimwi na kumjia, likiahidi kumsimulia hadithi tatu kwa sharti kwamba ya nne ataisimulia yeye. Wazo hilo lilikuwa la Siobhan Dowd, mwandishi aliyefariki kwa saratani mwaka 2007 kabla ya kuliandika, na Ness ndiye aliyelipokea. Kitabu kilitoka mwaka 2011, na mwaka uliofuata kikatwaa tuzo ya Carnegie kwa uandishi na ya Kate Greenaway kwa michoro.

Ubishi ulianzia kwenye michoro hiyo, ambayo ni ya wino mweusi usio na rangi yoyote na ambayo mara nyingi hutambaa pembezoni mwa ukurasa hadi kuyazunguka maandishi. Mwenzetu aliye mwalimu wa shule ya msingi aliikataa kabisa. Zimwi la hadithi za bibi, alisema, halikuwa na picha. Kila mtoto alijichorea lake kichwani kulingana na woga alioweza kuubeba, ilhali mchoraji huwapimia wote kipimo kimoja. Hoja hiyo ni nzito na nilikuwa karibu kuikubali, ila stima ilipotea tukabaki tukiimulika kurasa kwa tochi ya simu, na hapo nikaona kwamba zimwi la Kay ni kivuli zaidi kuliko sura. Amewaachia wasomaji sehemu kubwa ya kazi ya kuogopa.

Mzaliwa mmoja wa Kano, hapa jirani na Kisumu, alituleta kwa Luanda Magere, shujaa wa hadithi za Waluo, kama nilivyotarajia (hakuna mkutano wetu uliowahi kumkosa). Alilalamika kwamba Conor ni shujaa dhaifu, mtoto wa kulia na kuvunja saa ya bibi yake, wakati Magere alikuwa na mwili wa jiwe ambao mikuki ya Wanandi iligonga ikadunda. Mimi naona kinyume chake. Mtu ambaye mkuki haumwingii ana haja gani ya ujasiri? Magere ananigusa pale tu anapougua, anapomwambia mkewe Mnandi achanje kivuli badala ya mwili, kwa maana kuanzia hapo kuna kitu kinachoweza kumuua, na mtu mwingine anakijua.

Asiyetaka kujua mwisho wa riwaya aiache aya hii. Hadithi ya nne, ambayo Conor anaiogopa kuliko zimwi lenyewe, ni kwamba ndani ya moyo wake alitamani mateso ya mama yaishe, ijapokuwa kuisha kwake kulikuwa na maana moja tu. Wawili kati yetu walisema hayo si mambo ya kumpa mtoto. Muuguzi wa kikundi, ambaye alikuwa hajasema neno jioni nzima, akasema kwamba ndugu wa wagonjwa humfuata koridoni kila juma na kumuuliza itachukua muda gani, kisha huinamisha macho kana kwamba wameiba, na kwamba wengi wao ni watu wazima ambao hawajawahi kuambiwa na yeyote kuwa wazo hilo humjia kila anayeuguza.

Mwalimu alimuuliza kama angemsomea mwanawe kitabu hicho. Akajibu kwamba angemsomea, lakini mchana, naye angekaa karibu.