Mradi wa Streptocarpus, Mwanza: awamu ya vipandikizi

Mwaka 2015 wataalamu wa mimea waliiingiza Saintpaulia, ua la milima ya Usambara, katika jenasi ya Streptocarpus. Ndiyo maana dirisha moja la Isamilo linalopata jua la asubuhi limebeba ukoo mmoja wenye maumbo ambayo ukiyaona hutasadiki ni ndugu, na kila umbo lina namna yake ya kuzalishwa.

Saintpaulia: chukua jani la mzunguko wa kati, la nje kabisa limeshazeeka. Kikonyo kibaki sentimita 3, kikatwe mshazari. Udongo ni sehemu 3 za makumbi ya nazi, 1 ya pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi (zikiwa majivu, umeziharibu), 1 ya mchanga mkubwa uliooshwa. Mizizi hutoka wiki ya 3 au 4, vichipukizi baada ya miezi 2 au 3.

Wale wa majani marefu, jamii ya S. (yaani Streptocarpus) rexii ya Afrika Kusini, hutoa zaidi. Ondoa mshipa wa kati wote kwa wembe, kisha simamisha nusu mbili za jani, upande uliokatwa uzame nusu sentimita. Chipukizi hutokea penye mishipa midogo iliyokatwa, kwa hiyo jani moja hujaza trei. Adui wao hapa ni joto: majabali ya Mwanza hutema joto mpaka usiku. Majani yakilegea ilhali udongo una unyevu, usiongeze maji. Ama joto limezidi ama mizizi imeoza.

S. saxorum ni kukata shina la sentimita 6 na kuchomeka, basi.

S. wendlandii ndiyo ya ajabu. Ina jani moja tu, nalo ni jani la mbegu lililoendelea kukua huku pacha wake akidumaa. Ikishazaa mbegu kwa kawaida hufa. Mbegu ni kama vumbi. Zinyunyize juu ya udongo bila kuzifunika, zinahitaji mwanga.

Umwagiliaji ni kwa utambi wa nailoni, maana wa pamba huoza. Maji ya bomba yalale usiku kucha: yakiwa baridi, huacha madoa ya kudumu kwenye majani ya Saintpaulia. Mbolea ni NPK 20-20-20, robo kijiko cha chai kwa lita 4. Wadudu wa ziwani wakinasa kwenye vinyweleo, watoe kwa brashi laini, kavu.

Kinachofuata ni kutenga miche, majani yake yakifika theluthi ya jani mama. Vyungu vya sentimita 6. Chungu kikubwa zaidi hukaa na maji na kuozesha mizizi.