Skrubu mbili ndani ya kihisi

Mimi ni fundi wa ndege ndogo hapa Nairobi, na kila ninapoulizwa kwa nini ndege nzima izuiwe kuruka kwa sababu ya kifaa kinachoenea kiganjani, hutoa mfano wa Cirrus SF50, jeti ya injini moja ambayo wengi huijua kwa jina la Vision Jet.

Tarehe 18 Aprili 2019, FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ilitoa agizo la dharura kwamba ndege hizo zisiruke tena hadi zibadilishwe vihisi vinavyopima pembe ya bawa dhidi ya upepo. Yalikuwa yameripotiwa matukio matatu, la kwanza likiwa la Novemba 2018, ambapo mifumo ya kuikinga ndege iliingilia kati ilhali kasi na pembe vyote vilikuwa sawa.

Wengine husema otopailoti, yaani mfumo wa kuiendesha ndege bila mkono wa rubani, ilijiwasha. Si hasa, ingawa kosa hilo linasameheka, kwa kuwa mfumo mmojawapo hutumia mota zilezile za otopailoti kusogeza usukani hata rubani anapoendesha kwa mkono. Bawa likiinuka mno hushindwa kuibeba ndege, ndiyo maana pua husukumwa chini. Lakini kihisi kikidanganya, pua hushushwa bila sababu. Rubani anaweza kuukatiza mfumo huo kwa kushikilia kitufe cha kukatia otopailoti, jambo jepesi kulisoma mezani kuliko kulikumbuka karibu na ardhi.

Hapa kwetu hilo halikuhitaji maelezo. Wiki sita zilikuwa hazijatimia tangu tarehe 10 Machi, ndege ya Ethiopian Airlines, safari namba 302 kutoka Addis Ababa kuja Nairobi, ilipoanguka karibu na Bishoftu na kuua watu 157, wakiwemo Wakenya 32. Ile ilikuwa Boeing 737 MAX, na mfumo wake ulikuwa mwingine kabisa, ila nao ulipokea taarifa potofu za pembe na kuikandamiza pua chini. Kwa hiyo sikubaliani na waliosema FAA ilifanya pupa.

Chanzo kilichotajwa katika SF50 kilikuwa skrubu mbili ndogo zinazounganisha mhimili wa kijibawa cha nje, kile kinachogeuzwa na upepo, na mhimili wa kipimio cha umeme kilichomo ndani: hazikukazwa ipasavyo, wala hazikutiwa gundi ya kuzizuia zisilegee. Katika karakana, skrubu ya namna hiyo tukiimaliza huichora mstari wa rangi unaovuka hadi kwenye chuma cha pembeni, ili ikizunguka hata kidogo mstari ukatike na jicho lione. Hizo mbili zilikuwa ndani ya kihisi kilichofungwa kiwandani. Rubani anayeikagua ndege yake asubuhi, akikigusa kijibawa kwa kidole, angekiona kinazunguka vizuri kabisa.