Shangazi, acha kununua hiyo petroli ya bei juu

Jumapili iliyopita shangazi yangu wa Moshi kanipigia simu saa tatu usiku, na yeye huwa hapigi usiku labda kuwe na msiba, nikapokea moyo unadunda. Kumbe ni gari. Ana Toyota IST ya 2004, ile ya lita 1.5, ndo anapandia nayo Kibosho kila Jumapili kwenda kanisani na kuangalia migomba yake, sasa anasema siku hizi ikianza mlima haivuti, inalia tu, hadi bodaboda zilizobeba mkungu wa ndizi zinampita. Fundi mmoja akamwambia tatizo ni petroli anayoweka ni nyepesi, atafute yenye oktani kubwa, halafu kila akijaza tenki amimine na kichupa cha busta ya oktani, ile dawa ya kupandisha oktani. Kichupa elfu 25. Mwezi wa pili huu anafanya hivyo na gari iko vilevile. Akaniuliza, "Mwanangu, au niwe naweka vichupa viwili?"

Iliniuma sana kwa kweli, maana ile ni pensheni ya mwalimu. Nikamwambia shangazi usinunue tena hata kimoja, Jumamosi nakuja. Halafu nikakaa nikawaza ni watu wangapi hapa Arusha na Moshi wanafanya hivihivi, na mimi mwenyewe nilishafanya, miezi mitatu mizima mwaka juzi nilikuwa napita sheli ya karibu na nyumbani naenda nyingine ya mbali yenye nozeli ya pili, ile yenye jina zuri na bei ya juu, nikiamini naitunza injini. Kwa hiyo leo naandika nilichojifunza, ni kirefu, tuvumiliane.

Wengi tunadhani oktani ni ukali wa mafuta, kama vile pilipili, namba ikipanda basi na moto unakuwa mkali. Sio hivyo kabisa. Oktani ni uvumilivu. Ndani ya silinda piston inapanda inakandamiza hewa iliyochanganyika na petroli, na hewa ukiikandamiza inapata joto (shika pampu ya baiskeli baada ya kujaza upepo utaona), sasa petroli inatakiwa ivumilie lile joto na ule mgandamizo bila kujiwakia mpaka plagi ipige cheche, na hata cheche ikishapigwa moto hauwaki kote kwa mara moja, unatembea kutoka kwenye plagi kwenda pembeni, na ile petroli ya pembeni inatakiwa isubiri moto uifikie. Ikishindwa kusubiri ikajilipukia yenyewe, mawimbi ya mgandamizo yanagonga kuta za silinda na kichwa cha piston, na wewe ulie kwenye usukani ukikanyaga mafuta kwenye mlima unasikia kama kokoto zinatikiswa kwenye kopo la Blue Band. Hiyo ndo noki inayohusiana na oktani. Nasema hivyo kwa sababu fundi akikwambia "injini imenoki" mara nyingi anamaanisha kitu kingine, beringi za chini zimekula na kile chuma kinagonga, hiyo hata uoge kwa petroli ya oktani 100 haiponi.

Namba yenyewe ilitokana na vipimo vya miaka ya 1920. Walichukua vimiminika viwili, kimoja kinaitwa isooktani, kivumilivu sana, wakakipa 100, kingine heptani, hakina uvumilivu kabisa, wakakipa 0. Petroli ya 95 maana yake kwenye injini ya majaribio inavumilia sawa na mchanganyiko wa isooktani asilimia 95 na heptani asilimia 5. Basi. Hakuna sehemu kwenye kipimo hicho wanapima nguvu iliyomo kwenye lita moja. Ushahidi mzuri ni spiriti, ile ethanoli: oktani yake inazidi 100, inashinda petroli zote za sheli, lakini lita yake moja ina nishati pungufu kwa kama theluthi moja ukilinganisha na petroli. Kama oktani ingekuwa nguvu, spiriti ingetupeleka Dar na kurudi.

Sasa mtu ataniuliza, mbona magari ya mashindano yanatumia oktani kubwa? Kwa sababu injini zake zimetengenezwa kukandamiza zaidi. Mfano ninaoupenda ni wa ndege za Uingereza mwaka 1940, Spitfire na Hurricane, zilipoanza kutumia petroli ya oktani 100 marubani walipata nguvu nyingi zaidi angani, ila siyo petroli iliyoileta peke yake, ni kwamba mafundi waliruhusiwa kuongeza mgandamizo wa hewa unaosukumwa kwenye injini bila kuipasua. Mafuta yalifungua mlango, injini ndo ikapita. Ukiwa na injini ambayo haina haja ya kupita, mlango unaufungulia nani?

Turudi kwenye IST. Injini yake, 1NZ, inakandamiza 10.5 kwa 1 (yaani inabana ujazo mara kumi na nusu), na kwao Japani mwenyewe inawekewa petroli ya kawaida. Japani kuna petroli za aina mbili, ya kawaida ambayo kiwango chao kinasema isipungue 89, na ile wanayoiita haioku isiyopungua 96. Yaani hii gari watu waliyoitengeneza waliipangia petroli ya bei ya chini kwa oktani ya kama 90, na ikanyweshwa hiyo miaka yote kabla haijapanda meli kuja kwetu. Halafu angalieni na hizi video za Wamarekani mnazotumiana, wanasema 87 ni ya kawaida na 91 ni ya juu, mtu akiilinganisha na ile 90 ya Japani anasema kumbe Wajapani wote wanatumia ya juu. Hapana, wanapima tofauti. Mmarekani anachukua wastani wa vipimo viwili na namba yake inatoka ndogo, 87 yake ni karibu 91 au 92 kwa kipimo cha Japani na Ulaya. Mafuta yaleyale, rula tofauti.

Na sisi wa huku juu tuna jambo letu ambalo sijaona watu wakilizungumza. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kila pumzi injini inayovuta ina hewa pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko ikiwa Tanga. Hewa ikipungua mambo mawili yanatokea kwa pamoja: gari isiyo na turbo (kifaa cha kusukumia hewa kwenye injini) inapungua nguvu, na mgandamizo ndani ya silinda unapungua hivyo hatari ya noki nayo inapungua. Ndo maana kule Marekani kwenye majimbo ya milimani kama Colorado kuna sheli zinauza hadi 85 wakati sehemu nyingine ya chini kabisa ni 87. Sasa fikiria mtu wa Arusha, gari yake haivuti kupanda Ngaramtoni, anaambiwa aongeze oktani, wakati kitu inachokosa ni hewa, na kwa mwinuko huu injini yake inahitaji oktani ndogo kuliko ingekuwa Tanga. Ukiniambia gari yako ndogo inagonga ukiwa umepakia watu watano na mizigo, saa nane mchana, kwenye joto la Dar, hapo nitakusikiliza zaidi kuliko ukiniambia inagonga Sakina asubuhi kwenye baridi ya Julai.

Nilipima mwenyewe lakini, maana maneno matupu hayatoshi. Ile miezi mitatu niliandika kwenye daftari kila kujaza, tenki hadi nozeli ijizime, kilomita, lita, na njia yangu ni ileile, Arusha Moshi kupitia Usa River na Boma Ng'ombe mara mbili kwa wiki, na mara moja moja napanda Marangu kwa wakwe. Petroli ya kawaida 14 na pointi kadhaa kwa lita, ya bei juu 14 na pointi kadhaa kwa lita, tofauti iliyokuwepo ilikuwa ya foleni ya Tengeru na siku za mvua. Baadaye nikakuta AAA, chama kikubwa cha wenye magari Marekani, walipima kitaalamu mwaka 2016 kwenye magari yanayotakiwa petroli ya kawaida, ya silinda nne, sita na nane, wakakuta petroli ya juu haikuleta faida ya maana kwenye nguvu, ulaji wa mafuta wala moshi. Wakakadiria Wamarekani zaidi ya milioni 16 walipoteza zaidi ya dola bilioni 2 ndani ya mwaka mmoja kwa kuweka mafuta ambayo gari haikuomba.

Ila sasa sitaki mtu aje aharibu gari kwa kunisoma nusu. Kuna magari YANAHITAJI. Kaka yangu ana Subaru Forester ya turbo, na pale ndani ya kifuniko cha tenki kuna stika ya kijapani, piga picha uitafsiri na simu, inasema haioku. Turbo inasukuma hewa kwa nguvu, ile nafuu ya hewa nyepesi ya Arusha yenyewe haiipati kama wengine kwa sababu inairudisha hewa kwa lazima. Mark X za mwanzo za lita 2.5 nazo injini inakandamiza 12 kwa 1, ni hivyohivyo. Ukiziwekea petroli dhaifu hazifi siku hiyohiyo, kwenye bloku kuna sensa ya noki inasikiliza kama sikio, ikisikia mlio kompyuta inarudisha taimingi nyuma, cheche inachelewa kidogo, injini inasalimika lakini nguvu inashuka na mafuta yanaliwa zaidi. Kwa magari ya namna hii petroli nzuri unaisikia kwenye mguu, na hao AAA walirudia mwaka 2017 kwa magari yanayopendekezewa petroli ya juu wakapata kwa wastani nguvu asilimia 1.4 zaidi na ulaji nafuu kwa asilimia 2.7. Kidogo, ila kipo. Kaka yangu namwambia kila siku, wewe lipia, yako imeandikwa.

Za dizeli, wale wenye Land Cruiser za utalii mnaoniuliza, haiwahusu, dizeli inatakiwa iwake kirahisi ikikandamizwa, ni kinyume kabisa.

Kitu kinachonitisha zaidi ya nozeli ya bei juu ni petroli iliyochakachuliwa. Mafuta ya taa yana oktani ya chini sana, ukiyachanganya kwenye petroli unaua uvumilivu wote, hapo hata IST itagonga. Tunaokumbuka, ilikuwa balaa, ndo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wakaanza kuweka vinasaba (alama ya kemikali ya kutambua mafuta yaliyochanganywa) kwenye mafuta mwaka 2010, na 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa sana ili kuchanganya kusiwe na faida. Kwa hiyo kama gari yako ilikuwa nzima, ukajaza sehemu mpya, kesho yake ikaanza kugonga na kukosa nguvu, usikimbilie busta, hama sheli na tunza risiti.

Na vichupa. Vingi vinaandika vinaongeza "pointi" tatu au tano, na pointi kwenye lugha ya hao wauzaji mara nyingi ni sehemu ya kumi ya oktani, yaani pointi 5 ni nusu namba, kutoka 93 kwenda 93.5. Baadhi vina madini ya chuma au manganizi yanayobaki kwenye plagi kama kutu nyekundu. Plagi za shangazi Jumamosi nilipozifungua zilikuwa na rangi ya udongo wa Kibosho kabisa, nikamwonyesha, akashika kichwa.

Tatizo lenyewe sasa. Eya klina ilikuwa imejaa vumbi mpaka ukiigonga chini inatoa wingu, nadhani haijabadilishwa tangu anunue gari, plagi zimechoka, na gurudumu moja la nyuma ukilinyanyua na jeki ukazungusha kwa mkono halizunguki, breki imeng'ang'ania. Alikuwa anapanda mlima breki imeshika na pua imezibwa! Tulibadilisha eya klina, plagi nne, tukasafisha breki na kuziadjasti pale uani kwake, mimi na binamu yangu, kuanzia saa nne hadi saa tisa, tukala na machalari, jumla ya spea haikufika bei ya vichupa alivyokwisha nunua. Halafu tukajaza petroli ya kawaida tukapanda wote Kibosho, yeye ndo akiendesha, kwenye ile kona kali alikuwa anashusha mpaka gia ya L na safari hii hakugusa gia.

Amebakiwa na kichupa kimoja hakijafunguliwa. Ameniuliza kama duka litakirudisha, nimemwambia tutaenda wote.